Ukuta wa Nyuma

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayetaka kusimama mbele ya jambo kubwa kuliko yeye hana budi kufunga safari. Nilikuwa nikidunduliza fedha mwaka mzima ili nikae siku chache penye mlima, au penye maporomoko ya maji, au kwenye ufuo usio na watu, na nikirudi nilikuwa nikisimulia jinsi nilivyoishiwa maneno. Sikuwa nasema uongo. Kilele kinachochomoza juu ya mawingu alfajiri humnyamazisha hata mtu msemaji kama mimi. Lakini kuna jambo ambalo sikuwa nikilisimulia: asubuhi ya pili, nikiwa mbele ya mlima uleule, nilikuwa tayari nauliza kifungua kinywa ni saa ngapi, na asubuhi ya tatu nilikuwa nakagua picha za jana badala ya kuutazama mlima wa leo. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi nilikuwa nimeigeuza ibada yangu yote kuwa ya kukimbilia vipya.

Siku tatu kabla ya safari niliyoipanga kwa muda mrefu kuliko zote, niliteleza kwenye ngazi ya mlango wangu mwenyewe nikavunjika kifundo cha mguu. Nilifungwa plasta ngumu kwa wiki sita, nikapewa magongo, nikaambiwa mguu ukae juu kadiri iwezekanavyo. Mahali pekee ambapo niliweza kuunyoosha bila kumzibia mtu njia palikuwa nje ya mlango wa nyuma, kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa mto. Mbele yangu, hatua nne hivi, palikuwa na ukuta. Ni ukuta wa kawaida kabisa: lipu imebanduka sehemu mbili, chini una unyevu usiokauka, na kwa juu umeinamiwa na tawi la mti wa jirani. Nilikuwa nimepita mbele yake mara elfu kadhaa nikienda kuanika nguo, na kama ungeniuliza una rangi gani, ningebahatisha.

Ningependa kuandika kwamba utulivu ulinishukia tangu siku ya kwanza. Haukunishukia. Wiki nzima nilinuna, nikahesabu siku, nikafuatilia picha za wenzangu waliokwenda mlimani bila mimi. Mama alipita na beseni lake akasimama.

“Mwanangu, huo ukuta unakwambia nini?”

“Hauniambii kitu, mama.”

“Basi labda wewe ndiye hujausalimia,” akasema, akaendelea na kazi zake.

Mvua ilinyesha usiku wa siku ya nane. Asubuhi nilipotoka, yale mabaka ya kahawia chini ya ukuta, ambayo siku zote niliyadhania kuwa uchafu, yalikuwa yamegeuka kijani kibichi, kijani cha kitu kilicho hai na kisicho na aibu. Nilidhani macho yananidanganya. Jua liliwaka siku tatu mfululizo na mabaka yakarudi kuwa kahawia, makavu, yakivunjika vunjika ukiyagusa. Ndipo nilipoazima kioo cha kukuzia ambacho mama hukitumia kusomea maandishi madogo ya karatasi za dawa, nikajikokota mpaka ukutani kwa magongo, nikaketi chini kwa shida kubwa, na kulimwagia baka moja maji kutoka kwenye kikombe.

Chini ya kioo baka lile lilikuwa msitu. Vimea vilisimama bega kwa bega, kila kimoja kifupi kuliko ukucha wangu, na majani yao yalikuwa yamejiviringisha kwenye shina kama miavuli iliyofungwa. Maji yalipofika, hakuna kilichotokea kwa muda mfupi. Kisha jani moja lilijisukuma kutoka kwenye shina, likatikisika kidogo, likanyooka. La pili likafuata, kisha kumi kwa pamoja, na rangi ikapanda kutoka chini kwenda juu kama taa zinazowashwa ghorofa baada ya ghorofa. Nilikuwa nimeanza kuhesabu nikitarajia kwamba itanibidi nifike elfu. Kabla sijafika mia mbili, msitu wote ulikuwa umefunguka. Nilikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyonipasa, na nilipotaka kuinuka ilibidi niite msaada.

Baadaye nilisoma kwamba vimea hivyo havina mizizi ya kweli wala mishipa ya kuvuta maji kutoka ardhini kama ilivyo miti mikubwa. Maji yakija hunywa kwa mwili mzima. Maji yakikosekana havipigani na ukame, bali hukauka karibu kabisa, husimamisha shughuli zote za uhai, na kungoja. Ndani ya mazulia kama hayo, karibu kila pembe ya dunia, huishi pia kiumbe mwenye miguu minane, ambaye kwa kawaida urefu wake haufikii hata milimita moja, na ambaye alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1773 na mchungaji wa Kijerumani aliyeitwa Johann August Ephraim Goeze. Mchungaji huyo alimwita dubu mdogo wa maji, kwa sababu ya mwendo wake wa kulemaa na umbo lake la unene. Naye hukauka na kungoja vilevile. Mwaka 2007 baadhi yao walipelekwa nje ya dunia na kuachwa wazi katika ombwe la anga za juu, mahali ambapo binadamu asiye na vazi maalumu angekufa kwa dakika chache, na wengine wakarudi wakiwa hai. Sikumwona hata mmoja, kwa kuwa kioo cha mama hakina nguvu hizo. Lakini tangu nilipojua, sijaweza kuusugua ule ukuta kwa brashi, na kila anayenishauri niupake rangi upya huona nabadilisha mazungumzo.

Juu kidogo ya vimea hivyo, penye jua, kulikuwa na madoa ya rangi ya majivu na ya manjano yaliyobandika kama makoko ya kidonda. Kuna neno kuvumwani, ambalo watu hulitumia kwa kila kitu kinachoota juu ya jiwe, lakini ukilipasua katikati utaona linayafaa madoa haya kuliko kitu kingine chochote: kuvu na mwani. Doa moja ni viumbe wawili, na mara nyingine zaidi ya wawili, waliofumana hivi kwamba jicho haliwezi kuwatenganisha. Kuvu hutoa nyumba, na mwani hutoa chakula kinachotengenezwa kwa mwanga wa jua. Mwanabotania wa Uswisi, Simon Schwendener, alipolitangaza jambo hilo mwaka 1867, wataalamu wengi wa madoa hayo walimpinga vikali, kwa kuwa hakuna aliyetaka kukubali kwamba kitu alichokipa jina moja maisha yake yote kilikuwa ndoa. Mengi ya madoa haya hukua kwa milimita chache tu kwa mwaka, na mengine hata hiyo milimita moja hayaifikishi. Doa moja ukutani petu lina upana wa kiganja changu. Nilifanya hesabu mara mbili kabla ya kuamini kwamba huenda lilikuwapo pale kabla sijazaliwa, nami nilikuwa nimeishi ndani ya nyumba ileile nikilipita kwa haraka.

Sasa nije kwenye neno ambalo nimekuwa nikilizunguka. Watu wakisema wameguswa kiroho na maua au machweo, mimi huwa nasita, kwa sababu mara nyingi maana yake ni kwamba wamefurahi, na furaha ni jambo jema lakini si kitu kilekile. Kiswahili kina neno kicho, ambalo siku hizi halitumiki sana nje ya nyumba za ibada, na ambalo hubeba hofu na heshima kwa pamoja. Mwanatheolojia wa Kijerumani, Rudolf Otto, aliandika mwaka 1917 kwamba kukutana na kitakatifu kuna pande mbili zisizotengana: siri inayomtetemesha mtu mpaka atake kurudi nyuma, na siri hiyohiyo inayomvuta asogee. Nilipokuwa nimeketi chini ya ukuta nikiwa na kikombe kitupu mkononi, ndicho nilichohisi, ingawa si kwa kiwango cha mlima. Nilitaka kusogea zaidi, na nilihisi kwamba nimeingia mahali ambapo sikualikwa.

Hapo ndipo kisa cha Musa kilipoanza kunisumbua. Tumezoea kukitumia kama mfano wa miujiza mikubwa, na hata methali inatuambia ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, lakini ukikisoma polepole katika kitabu cha Kutoka, sura ya 3, utakuta mambo yalivyoanza kwa udogo. Mtu yuko kazini, anachunga kondoo wa mkwewe. Kinachowaka ni kijiti, na wala si mwerezi wala mti wa kifalme. Kisha kuna maelezo ambayo nilikuwa nimeyaruka miaka yote: Musa anasema atageuka ayatazame maono yale, na ni baada ya Mungu kuona kwamba amegeuka ndipo anapomwita kwa jina. Sauti ilingoja shingo igeuke. Sijui ni wachungaji wangapi waliopita pale kabla yake wakaona moshi na kuharakisha kondoo wao.

Wenzetu Waislamu wana namna nyingine ya kulisema jambo hili, nayo imo ndani ya neno ambalo Kiswahili kimelirithi. Sisi tunalijua neno aya kama kipande cha maandiko, lakini katika Kiarabu neno hilohilo lina maana ya ishara, na Kurani hulitumia kwa mvua inayohuisha ardhi iliyokufa na kwa kupishana kwa usiku na mchana kama linavyotumika kwa maandiko yenyewe. Sura ya 16 imepewa jina la nyuki, ya 27 la chungu, ya 29 la buibui. Kitabu cha Mithali nacho kinamtuma mvivu kwa chungu, wala hakimtumi mbali zaidi ya hapo. Katika mwaka 1373, mwanamke Mkristo wa Uingereza anayejulikana kama Julian wa Norwich alikuwa mgonjwa mahututi alipoonyeshwa katika maono kitu kidogo cha mviringo, ukubwa wa kokwa, kikiwa kiganjani, na jibu alilopewa alipojiuliza ni nini lilikuwa kwamba hicho ndicho vyote vilivyoumbwa. Huwa napenda kwamba hakuonyeshwa nyota. Naye alishangaa, si kwa ukubwa wa kitu kile, bali kwa kuwa kilikuwa kidogo kiasi hicho na bado kilikuwapo.

Sidai kwamba dini hizi zinasema jambo moja, wala sina elimu ya kuzilinganisha. Ninachosema ni kwamba mila nilizokulia karibu nazo hazikuwahi kunituma mlimani kwanza. Nilijituma mwenyewe, nikidhani natii.

Mtu ninayemwona kuwa mwalimu mkubwa wa kukaa mahali pamoja hakuwa mtu wa dini, angalau si katika nusu ya pili ya maisha yake. Charles Darwin anakumbukwa kwa safari yake ya kuzunguka dunia, lakini safari hiyo ilikwisha mwaka 1836, na kuanzia 1842 mpaka alipofariki 1882 aliishi katika nyumba moja kijijini Downe, nchini Uingereza, akizunguka kwa miguu njia ileile ya mchanga karibu kila siku. Mwezi wa Desemba 1842 chokaa iliyovunjwavunjwa ilimwagwa juu ya sehemu ya uwanja karibu na nyumba hiyo. Kisha akangoja. Mwishoni mwa Novemba 1871, miaka 29 baadaye, mtaro ulichimbwa kukatiza uwanja huo, na mstari wa vipande vyeupe ukaonekana ukiwa umezama inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Hakuna aliyeuzika. Nyungunyungu walikuwa wamekula udongo wa chini na kuutoa juu, usiku baada ya usiku, mpaka uso wa zamani wa uwanja ukawa chini. Alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za nchi hiyo zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwa nyungunyungu katika kila ekari kwa mwaka. Aliwaweka pia ndani ya vyungu juu ya piano ili aone kama wanahisi sauti, na aligundua kwamba hawasikii, ila hutishwa na mtikisiko wa mbao na kukimbilia mashimoni mwao.

Nimekisimulia kisa hiki kwa marafiki na mara nyingi hucheka kwenye piano. Mimi hubaki kwenye ile miaka 29. Mtu aliyekuwa ameona visiwa vya mbali, misitu mikubwa na matetemeko ya ardhi alikuwa na subira ya kungoja karibu miongo mitatu ili aone uwanja wake mwenyewe umefanya nini. Nikijipima kwake, wiki zangu sita za kulazimishwa ni mzaha.

Kuna watu wanaohofia kwamba maelezo ya aina hii huua mshangao, kwamba ukishajua nyungunyungu hufanya nini, uwanja unabaki kuwa uwanja. Kwangu imekuwa kinyume, na tawi la jirani ndilo lililonithibitishia. Siku moja nilikuwa nalitazama bila kuwaza chochote nikajiuliza swali la kitoto: mbao zote hizi zimetoka wapi? Ningeapa kwamba zimetoka ardhini. Katika karne ya 17 Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels, alipanda mche wenye uzito wa ratili 5 katika chombo chenye ratili 200 za udongo uliokaushwa, akaumwagilia maji kwa miaka 5, kisha akaupima tena. Mti ulikuwa na uzito wa ratili 169 na kidogo juu yake, na udongo ulikuwa umepungua kwa wakia 2 hivi tu, kiasi ambacho kingeenea mkononi mwa mtoto. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alihitimisha kwamba mti ni maji. Alikosea nusu, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mti hutoka katika hewa: jani hufungua vitundu vidogo upande wake wa chini, huingiza kabonidayoksaidi, na kwa nguvu ya mwanga huiunganisha na maji yaliyonywewa na mizizi ili kutengeneza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayokuja kuwa shina na gome. Mwanga wenyewe umetoka jua dakika 8 na sekunde 20 hivi kabla ya kulifikia jani.

Kwa hiyo lile tawi lililokuwa likinitupia kivuli ni hewa iliyosimamishwa, na sehemu ya hewa hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimekaa chini yake siku nyingi nikipumua, huenda ilikuwa imepita kifuani mwangu. Nilipolitambua hilo sala yangu ya asubuhi ilikatika katikati. Nilikuwa nimezoea kuomba kwa orodha, mambo niliyopewa na mambo niliyonyimwa, na siku hiyo orodha ilionekana kama barua iliyotumwa kwa anwani isiyo sahihi. Nilinyamaza tu. Mama alidhani nimesinzia.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, penye majani na mwanga, lakini ukuta haukuniruhusu.

Kwenye pembe iliyo kati ya tawi na ukuta aliishi buibui mmoja mdogo, mwenye mgongo wa manjano, na nilianza kuamka kabla ya mapambazuko ili nimwone akisuka. Alianza na nyuzi chache za nje, akazifunga kwa nyuzi zinazotoka katikati kama njiti za baiskeli, kisha akazunguka kutoka kati kwenda nje akiweka uzi mwembamba wa kukanyagia. Alipofika pembezoni aligeuka na kuanza kurudi ndani, safari hii akitandaza uzi wenye gundi, na kila alipofika penye ule uzi wa kukanyagia aliuondoa, kama fundi anayeshusha jukwaa baada ya kumaliza kupaka ukuta. Alipima nafasi kwa miguu yake gizani. Jua lilipotoka umande ulikuwa umeshikilia kila uzi, na mimi, mtu mzima mwenye mguu wa plasta, nilikuwa nazungumza naye kwa sauti. Nilimwona pia akiutafuna utando wake uliochakaa ili ausuke upya.

Wiki ya pili alikuja nyigu mweusi mwenye kiuno chembamba kama uzi, aliyekuwa akibeba vidonge vya udongo mbichi na kuvipaka chini ya ukingo wa ukuta. Kila alipopaka alitoa mlio mwembamba, wa juu, ambao hakuutoa wakati mwingine. Nilimpenda huyu pia. Nilihesabu vyumba vyake: kimoja, viwili, mpaka vikafika sita. Siku ya tano alitua kwenye utando wa rafiki yangu. Yote yalikwisha kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika sentensi hii. Alimchoma, akamkumbatia kwa miguu, akaruka naye mpaka kwenye chumba kilichokuwa wazi, akamsukuma ndani.

Nilijua kidogo kuhusu desturi za nyigu hawa, na bora nisingejua. Buibui hafi. Hupooza, na hulazwa pamoja na wenzake waliopooza, na yai hutagwa juu ya mmoja wao, kisha mlango huzibwa kwa udongo. Buu akianguliwa hukuta chakula ambacho hakijaoza kwa sababu bado ki hai. Darwin alimwandikia mwanabotania wa Marekani, Asa Gray, mwaka 1860, kwamba hakuweza kujishawishi kuwa Mungu mwema na mwenye uwezo wote angeumba kwa makusudi nyigu wanaolisha watoto wao ndani ya miili ya viwavi walio hai. Nyigu aliokuwa akiwasema ni wa jamaa nyingine, lakini hoja ni ileile, na ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wangu.

Nilikasirika siku nzima. Nilifikiria hata kukichukua kijiti na kuvunja kile chumba cha udongo, nikakisogelea, nikasimama. Ningemtoa buibui asiyeweza kusimama tena. Ningeua buu asiyejua kosa lake. Na ule utaratibu wote ambao siku chache kabla ulinitoa machozi, wa kijani kinachofufuka na hewa inayogeuka mti, ulikuwa umefungwa pamoja na huu kwa uzi mmoja, na sikuwa na mkasi. Sina jibu la kitheolojia la kuwapa wasomaji. Vitabu vyenye majibu vipo, na vingi kati yake vinaonekana kuandikwa na watu ambao hawajawahi kumpoteza buibui. Ninachoweza kusema ni kwamba kabla ya siku hiyo kicho changu kilikuwa na upande mmoja, ule unaovuta. Upande unaotetemesha ulikuwa bado neno la kitabuni.

Tangu hapo nimekuwa mwangalifu na wale wanaoyauza mazingira kama dawa ya kutuliza moyo. Moyo hutulia, ndiyo, siku nyingine. Siku nyingi zaidi hakuna kinachotokea: unakaa, mguu unawasha ndani ya plasta, sisimizi wanapita, jua linahama, unaingia ndani. Nilipojaribu kupiga picha niligundua kwamba simu inanipa ruhusa ya kuacha kutazama, kana kwamba nimeshapokea kilichokuwa changu, kwa hiyo nikaanza kuiacha chumbani. Sikufanya hivyo kwa ushujaa wowote. Picha za ukuta hazipendwi na mtu.

Plasta ilikatwa katika wiki ya sita. Mguu uliotoka humo ulikuwa mwembamba na mweupeupe wa ngozi kavu, na nilitembea nao kama mtu aliyeazimwa. Wenzangu walikuwa wakipanga kurudi mlimani na walitaka kujua kama nitaweza kwenda. Nilikuwa nje siku hiyo, kwenye kiti, wakati simu ilipolia chumbani. Nikaingia kuipokea, tukazungumza muda mrefu kuhusu viatu na siku za likizo, nikasema nitafikiria.

Niliporudi nje chumba cha kwanza cha udongo kilikuwa kimetobolewa. Lilikuwa tundu la mviringo, safi, na chini yake kulikuwa na vumbi jepesi ambalo upepo ulikuwa bado haujalichukua. Kwa wiki nne nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka pale nikingoja kitu hicho hicho, nikimchukia aliye ndani na kutaka kumwona, na alikuwa ametoka, akakausha mabawa yake ukutani juu ya vile vimea vya kijani au penginepo, na kwenda zake wakati nikizungumza kuhusu viatu.

Nilivihesabu vilivyobaki. Vilikuwa vitano, vyote vimezibwa.

Mama alitokeza mlangoni na beseni lake. “Magongo umeshayarudisha, mwanangu, na bado unakaa hapo?”

“Shikamoo, mama,” nilimwambia, kwa kuwa asubuhi ile tulikuwa hatujaamkiana. “Naomba tena kile kioo chako.”